Watu Watatu Wanaokujua

JEBET: Haloo, mchana mwema, naongea na nani?

KOGO: Unaongea na mimi. Kwani jina langu halijajiandika hapo kwa simu?

JEBET: Kogo? Aki Kogo, pole. Nilibadilisha simu, majina yote yakapotea.

KOGO: Hata la nyanya yako.

JEBET: Yote. Hata la pasta.

KOGO: Haya, basi nijiandikishe upya. Mimi ni Rael wa Moi's Bridge, yule mwanamke alikulea tangu ukiwa na meno mawili. Chamgei?

JEBET: Chamgei mising, Kogo. Kuna nini, kuna mtu mgonjwa?

KOGO: Mgonjwa atoke wapi? Niko na mimi tu hapa. [mkwaruzo] Umenisikia?

JEBET: Unakatika-katika.

KOGO: Nimepanda juu ya jiwe la tangi, hapa ndipo mtandao hufika. Ukiona nimenyamaza, ujue ni upepo. Sasa sikia. Wewe uliniambia huwa unaandikia watu barua za kuomba kazi.

JEBET: Ndiyo, hapa... ofisini. Wakati mwingine.

KOGO: Nataka moja iende leo kabla ya saa kumi na moja. Inaenda kwa njia ya imeli, na mimi imeli nimesikia jina tu. Huko ni saa ngapi?

JEBET: Kumi kasorobo. Ni ya nani, Brian? Kwani amerudi?

KOGO: Ndugu yako Brian bado yuko Qatar na lori lake. Hii ni yangu.

JEBET: Yako namna gani?

KOGO: Mimi ndiye naomba kazi.

JEBET: [anacheka] Kogo, wewe.

KOGO: Cheka haraka, kredo yangu si ya kucheka.

JEBET: Kazi gani sasa, na miaka yako?

KOGO: Unaijua ile shule mpya ya bweni, ya mabati ya bluu, ukipita stoo za mahindi? Wanatafuta mlezi wa bweni la wadogo. Gredi ya kwanza mpaka ya tatu. Pasta alitusomea tangazo Jumapili, akalibandika ukutani. Nikangoja watu watoke nikalisoma tena mwenyewe. Mtu analala hukohuko na watoto. Anarudi kwake shule ikifungwa.

JEBET: Na shamba je?

KOGO: Shamba amelikodi Kimeli wa huko chini. Mimi natazama tu mahindi yake yakipita urefu wangu. Barua nimeshaandika jana kwa daftari, mambo mengi yameisha. Nisome, wewe upige chapa?

JEBET: Soma. [kando] Ni mbili, ama pande zote mbili? Weka hapo, nakuja. [kwa simu] Soma, Kogo.

KOGO: "Kwako mpendwa Mwalimu Mkuu. Pokea salamu nyingi kuliko punje zilizo stoo ya hapa kwetu. Mimi huku ni mzima, hofu ni kwako na watoto wote. Je, mmeamkaje? Je, mvua ya huko kwenu imenyesha? Hapa ilinyesha Jumanne lakini si ya kushiba—"

JEBET: Kogo, ngoja.

KOGO: Bado sijafika kwa kazi. Kazi iko ukurasa wa pili.

JEBET: Ndiyo nakwambia ngoja. Huyo mtu ana barua mia mbili kwa meza. Yako ataiangalia kidogo tu, kama vile mtu anaangalia sukuma asubuhi sokoni, akiona jani moja limekauka anaruka. Barua ya kazi ina njia yake. Anwani yako juu upande wa kulia, tarehe chini yake. Halafu anwani yao, upande wa kushoto. Halafu "Kwa Mwalimu Mkuu", mkato. Halafu KUH, herufi kubwa, unapigia mstari.

KOGO: Kuh. Kama mtu ameshikwa na kifua.

JEBET: Kuhusu. "KUH: Kuomba kazi ya mlezi wa bweni." Anajua shida yako hapohapo.

KOGO: Yaani anajua ninachotaka kabla hajajua nimeamkaje.

JEBET: Hataki kujua umeamkaje.

KOGO: Na mtu kama huyo ndiye amepewa watoto wa watu.

JEBET: [anacheka] Wote wako hivyo, Kogo. Haya, anwani nimeweka, na ya shule na imeli yao nimezipata hapa kwa mtandao. Sanduku la posta ni lilelile la shule ya msingi?

KOGO: Lilelile. Siku hizi halina kitu ila kadi za kampeni. Na mvua umeitoa?

JEBET: Nimeitoa.

KOGO: Hata nusu yake?

JEBET: Yote. Sasa niambie kazi ulizofanya. Usiniambie wewe ni mpole, ama unampenda Mungu. Kila mtu anasema hivyo, hata wezi. Niambie ulisimamia nani, miaka mingapi, wapi.

KOGO: Hiyo ni rahisi. Miaka ishirini na miwili nilikuwa nyapara wa wanawake kwa shamba la mbegu. Wanawake arobaini. Unakumbuka kile tulifanya? Mahindi ya mbegu yana mistari ya kike na ya kiume. Ile ya kike tunaikata maua ya juu kabla unga wake haujaanguka. Ukiruka ua moja umeharibia mtu mbegu ya mwaka mzima. Na jua la kule ni la mgongo. Nyapara wengine walikuwa wanapiga kelele nyuma ya watu. Mimi nilikuwa natega kitendawili mwanzo wa mstari, na jibu nampa yule amefika mwisho hajaruka ua. Walikuwa wanakata mbio, na wanakata vizuri.

JEBET: [anaandika] "Nimewahi kuwasimamia wafanyakazi arobaini kwa muda wa miaka ishirini na miwili."

KOGO: Kitendawili kiko wapi?

JEBET: Hakiingii.

KOGO: Basi huyo aliyesimamia ni mwanamke mwingine. Mimi simjui.

JEBET: Ni wewe ukiwa umevaa sketi ya kanisani. Haya, masomo. Cheti chako cha CPE, kile cha darasa la saba, kiko?

KOGO: Kiko kwa Biblia. Mwaka sabini na tano. Nilipita vizuri kuliko wavulana wote, ni vile baba alikuwa na karo ya mtu mmoja.

JEBET: Na kitambulisho? Wamesema mtu awe chini ya miaka sitini?

KOGO: Chini ya sitini, ndiyo. Kitambulisho kinasema nilizaliwa sitini na saba. Yule karani wa chifu alinitazama uso, akaandika vile ameona.

JEBET: Kogo, kama ulizaliwa sitini na saba, ulifanya CPE na miaka minane.

KOGO: Kwani hujasikia vile nilipita.

JEBET: [anacheka sana] Hapana, hii tunasemaje? Mimi sitaandika uongo.

KOGO: Wameuliza miaka kwa barua?

JEBET: Si umesema wameuliza kwa tangazo? Kwa barua hapana, watu huweka nambari ya kitambulisho tu.

KOGO: Basi weka nambari. Wakiniita, nitawaambia kwa mdomo, na wao watanitazama uso kama karani. Mimi sifichi mtu miaka yangu. Nimeila yote.

JEBET: Sawa. Na kuhusu watoto niseme nini? Si "napenda watoto".

KOGO: Sema najua kulala. Hapana, ngoja, nisikie vizuri. Sema mimi nina usingizi wa paka. Mtoto akijikojolea usiku, mimi namsikia akiamka kwa haya, namgeuzia godoro kabla wenzake hawajafungua macho, na asubuhi hakuna mtu anajua ila mimi na yeye na hilo godoro. Sema najua chawa, na funza, na yule anaficha chakula kwa sanduku. Na najua kilio. Mtoto anayelia kwa nguvu anataka kitu. Yule anayelia chini ya blanketi anataka mtu. Huyo humpi andazi. Unakaa tu kwa kitanda chake, unanyamaza.

JEBET: Wewe ulikuwa unakaa kwa kitanda changu.

KOGO: Wewe ulikuwa wa blanketi. Umeandika?

JEBET: Nimeandika, "Nina uzoefu wa kutunza watoto wadogo mchana na usiku."

KOGO: [anaguna] Barua hii inakonda kama mimi. Haya, kitendawili.

JEBET: Kogo, ni kumi na robo.

KOGO: Kitendawili.

JEBET: [anapumua] Tega.

KOGO: Nina mgeni, kila jioni anaingia bila kubisha, anakalia viti vyote vya nyumba, na chakula hali.

JEBET: Moshi.

KOGO: Moshi una mahali unatokea.

JEBET: Baridi. Njaa. [kando] Hapana, hiyo fomu ya kodi ya KRA ungoje, mtandao uko polepole. [kwa simu] Nimeshindwa.

KOGO: Nipe mji.

JEBET: Nakupa Nairobi.

KOGO: Nairobi niende nikamtafute nani? Nipe mwingine.

JEBET: Nakupa Eldoret.

KOGO: Hapo sawa. Nimeenda Eldoret. Nimeteremka, nimeuliza mtaa wa Pioneer, nikabebwa na boda boda ya kijana mwenye adabu. Nimeuliza ofisi ya Jebet iko wapi, watu wote wanaijua. Nimepanda ngazi. Nimemkuta mjukuu wangu kwa kiti kinachozunguka, dirisha kubwa nyuma yake, watu wamepanga laini wanangoja sahihi yake. Nimemwambia, Mama, hata mimi nangoja, lakini mimi sitaki sahihi—

JEBET: Kogo, wacha.

KOGO: Sijamaliza kutembea mji wangu.

JEBET: Si ofisi. Ni saiba. Ni kachumba ka chini, karibu na kinyozi. Napiga watu chapa na kuwatolea fotokopi. Ni ya mama mmoja anaitwa Waithira. Kiti hakizunguki, kimekatika mguu.

KOGO: Najua.

JEBET: Unajua nini?

KOGO: Tangu mwaka jana nikikupigia nasikia mashine ikitema karatasi. Na leo umeambia mmoja aweke hapo, unakuja, na mwingine angoje.

JEBET: Na mbona hukusema kitu?

KOGO: Ulisema ofisi. Na mimi nikasema ofisi.

[mkwaruzo]

JEBET: Mimi ndiye huandikia watu wote hapa. Wanafunzi wa chuo cha Chepkoilel, walinzi, mafundi. Juzi mmoja alirudi na soda ya kunishukuru, amepata kazi kwa kiwanda. Barua niliandika mimi, kila neno. Na zangu...

KOGO: Zako umepeleka ngapi?

JEBET: Sitini na moja.

KOGO: Na ziko na kuh?

JEBET: Ziko na kuh, Kogo. Ziko na kila kitu.

KOGO: Na hawajajibu hata moja.

JEBET: Moja ilijibu. Walisema asante.

KOGO: Ndiyo maana hukuja Krismasi.

JEBET: Ningekuja na nini? Digrii imekaa miaka miwili. Watu wangeuliza nafanya wapi.

KOGO: Watu gani?

JEBET: Watu wa hapo.

KOGO: Haya.

JEBET: Haya nini?

KOGO: Haya tu. Jibu la kitendawili ni giza. Nilikitengeneza kwa ajili ya wale watoto, usiku wao wa kwanza. Kitu ukikijua kwa jina hukiogopi sana. Tuendelee, ni saa ngapi?

JEBET: Kumi na dakika ishirini na tano. Imebaki sehemu mbili. Matangazo haya huwa yanataka majina ya watu watatu, sivyo?

KOGO: Ndiyo. "Watu watatu wanaokujua, wasiwe jamaa, wawe wamekujua si chini ya miaka mitano, na nambari zao za simu." Hapo ndipo nililala jana bila kumaliza.

JEBET: Tuanze na mwalimu. Mwalimu Kipkirui alikufundisha na akatufundisha sisi.

KOGO: Tulimzika mwaka wa korona. Tulikuwa watu kumi na tano kaburini, na polisi anatuhesabu.

JEBET: Pole, nilisahau. Chifu?

KOGO: Ni mpya. Ananiita "yule mama wa tangi".

JEBET: Pasta?

KOGO: Ana miezi minne. Mzuri, lakini bado ananichanganya na mama mwingine.

JEBET: Hulda basi. Hulda ni jirani yako maisha yote.

KOGO: Hulda alichukuliwa na mwanawe, wakaenda Nakuru. Walifunga nyumba. Nilipiga, yule mwanamke wa ndani ya simu akaniambia mteja hapatikani. Nikapiga tena kesho yake, akaniambia vilevile, na adabu ileile.

JEBET: Lini hiyo?

KOGO: Kabla ya kupanda.

[mkwaruzo mrefu]

JEBET: Kogo?

KOGO: Niko. Ni upepo. Weka Kavetsa. Tulifanya naye shamba la mbegu mpaka siku walitwambia tusirudi kesho. Alikuwa anamaliza mstari wa kwanza kila siku, mwanamke mrefu, mcheshi. Alirudi kwao Vihiga. Nambari iko kwa jalada la daftari, nitakusomea.

JEBET: Mara ya mwisho kuongea naye ni lini?

KOGO: Kitambo. Lakini ukimtajia mimi atacheka kabla ya kujibu. Huyo ananijua.

JEBET: Soma nambari. [anaandika] Sawa, ya mwisho ni nne? Sawa. Mmoja. Wa pili?

KOGO: Kiplimo wa maziwa. Miaka saba amekuja kwa geti yangu na pikipiki yake na mitungi. Saa kumi na mbili asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe. Anasema, "Ngapi leo, Mama?" Nasema nne. Siku nyingine anasema, "Hata mbuzi wako wamenona." Nami nasema, "Ni wa jirani hao." Kila mara anasahau, ama anajifanya.

JEBET: Huyo ni mzuri kabisa, mtu wa biashara. Kesho asubuhi akipita umwambie anaweza kupigiwa simu.

KOGO: Itabidi wewe umpigie.

JEBET: Si anakuja hapo?

KOGO: Siku hizi hapiti.

JEBET: Kwa nini?

KOGO: Hakuna maziwa.

JEBET: Ng'ombe ni mgonjwa?

KOGO: Ng'ombe nilimuuza Aprili. Huu mkono wa kulia umekataa kukamua, vidole vinafunga. Alienda kwa watu wazuri.

JEBET: Aprili, Kogo. Sasa ni Novemba.

KOGO: Ndiyo.

JEBET: Tangu Aprili nani anapita hapo kwako?

KOGO: Mimi huenda kanisa.

JEBET: Sijauliza unaenda wapi. Nimeuliza nani anapita hapo.

[kimya]

JEBET: Kogo? Ni upepo?

KOGO: Hapana. Hii si upepo. Andika nambari ya Kiplimo.

[Kogo anasoma nambari]

JEBET: Nimeandika. Wa tatu... Kogo, wa tatu weka mimi.

KOGO: Wamesema si jamaa.

JEBET: Kwa kitambulisho mimi ni Brenda Jebet, na jina la tatu ni la baba. Halifanani na lako hata herufi. Hawatajua. Wakinipigia nitasema nakujua kutoka kanisani, nitakusifu vizuri, mimi najua maneno wanataka.

KOGO: Hapana.

JEBET: Ni kitu kidogo, watu hufanya kila siku hapa. Mimi mwenyewe nimewaandikia watu shangazi zao kama mabosi.

KOGO: Jebet. Umekaa mwaka na nusu hujafika hapa. Sasa tuandike na kwa karatasi, tuweke na sahihi, kwamba wewe si wangu?

JEBET: Sikumaanisha hivyo.

KOGO: Najua. Wacha wawe wawili. Ndio walio hai na simu zao zinalia.

JEBET: [sauti iko chini] Wawili basi. Sasa ya mwisho. Sababu ya kuomba hii kazi. Mstari mmoja ama miwili.

KOGO: Huo mstari nimeuandika mara nyingi nikaufuta. Sema... nyumba yangu ina vitanda sita. Ulikuwa unalala cha dirishani, Brian cha mlangoni. Shuka zote huwa nafua, nikimaliza natandika. Sita. Halafu nalala kimoja.

[mashine inatoa karatasi kwa mbali]

JEBET: Hiyo haiandikwi kwa barua rasmi, Kogo.

KOGO: Hata mimi nilijua haiandikwi. Andika ile inayoandikwa.

JEBET: [anaandika polepole] "Niko tayari kuanza kazi wakati wowote, na kuishi shuleni muhula mzima."

KOGO: Rudia.

JEBET: "Niko tayari kuanza kazi wakati wowote, na kuishi shuleni muhula mzima."

KOGO: Hiyo ni sawa. Hiyo ni kweli kabisa. Na mwisho wanasemaje? "Wako mpendwa"?

JEBET: "Wako mwaminifu." Halafu jina lako.

KOGO: Mwaminifu ni neno zuri. Hapo hawajakosea. Haya, itume.

[kimya]

KOGO: Umetuma?

JEBET: Ngoja, inazunguka.

KOGO: Ni saa ngapi?

JEBET: Kumi na moja kasoro dakika kumi na mbili. Kogo, naona kama imeli imekataa. Mtandao wa huku leo ni mbaya. Labda tuwaache tu, shule zingine zitatangaza Januari—

KOGO: Imeli imekataa, ama ni wewe umekataa?

JEBET: Ni mimi.

KOGO: Mm.

JEBET: Utafunga nyumba. Muhula mzima, miezi mitatu, nyumba imefungwa kufuli. Na mimi nikija nyumbani nitampata nani?

KOGO: Unakuja lini?

[mlio mfupi wa kuonya kuwa kredo inaisha]

KOGO: Sikuulizi kwa ubaya, mama. Nauliza nijue. Ukiniambia ni kesho, hii barua tunairarua sasa hivi, nishuke kwa hili jiwe, nianze kukupikia.

JEBET: Waithira hanipi ruhusa kesho.

KOGO: Mwezi huu?

JEBET: Nilikuwa nangoja nipate kitu kwanza. Kazi. Hata ndogo. Ndiyo nije nikiwa mtu.

KOGO: Ulitoka hapa ukiwa mtu. Mimi ndiye nilikufungia sanduku.

JEBET: [analia kidogo] Usiniambie hivyo.

KOGO: Basi sisemi. Sikia, Jebet. Bweni lina vitanda thelathini na mtu anaita usiku. Mimi bado naweza kuamka. Hicho tu ndicho naomba, mahali pa kuamkia. Tuma, mtoto wangu.

JEBET: [anabonyeza] Nimetuma.

KOGO: Kweli?

JEBET: Kweli. Imeandika "imetumwa", saa kumi na dakika hamsini na moja. Naona jina lako hapa juu kwa kioo. Rael Jebichii.

KOGO: Limeandikwa vizuri?

JEBET: Vizuri sana.

KOGO: Asante. Sasa nafanya nini?

JEBET: Sasa unangoja. Jibu litakuja kwa imeli yangu hapa. Siku nikiona kitu nitakupigia dakika hiyohiyo.

KOGO: Na siku usipoona?

JEBET: Wengi hawajibu, Kogo. Usiweke kwa roho.

KOGO: Sijauliza wao. Nakuuliza wewe. Siku usipoona kitu, utapiga kuniambia hujaona?

[mlio wa kredo, mara mbili]

JEBET: Nitapiga.

KOGO: Kesho?

JEBET: Kesho, nikimaliza kufunga duka. Saa kumi na mbili.

KOGO: Nitakuwa hapa kwa jiwe. Na kesho kutwa, kama bado hawaja—

[simu inakatika]

JEBET: Na kesho kutwa, Kogo. Kogo? Na kesho kutwa pia. Haloo?